Mama Nakiete Karibu Afutwe

"Ita majina kabla hujafukuza." Mmemsikia fundi akimwambia mwenzenu Elineema hivyo, nanyi mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilizaliwa humu humu, katika redio yetu ya Usangi, kwenye kiti hicho alichokalia Elineema. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana mkaidi wa hadithi ni mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, Linux, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa amri za kuandika, na sikumwacha mtu yeyote asahau hilo. Kazi iliyomchosha mwenzangu siku nzima, mimi niliimaliza kwa mstari mmoja wa amri.

Mhifadhi wa sauti alikuwa Bi. Nakunde, mwalimu mstaafu. Kwa miaka tisa alipanda na kushuka milima hii akirekodi nyimbo za wazee. Wengi wao walikuwa wameshafariki. Sauti zao zilikaa kwenye kompyuta moja tu ya hapa redioni, pamoja na majaribio yangu, kwa kuwa diski ya akiba ilikuwa imeharibika wiki hiyo hiyo.

Asubuhi moja wapiga ngoma wa Ugweno walikuwa mlangoni, tayari kurekodiwa, na kompyuta ikagoma: imejaa.

"Niachie mimi, Bibi," nikasema. "Nafuta majaribio yangu ya maikrofoni. Yako mia tatu na zaidi, na yote yanaanza na neno jaribio. Wewe ungeyabofya moja moja mpaka Jumamosi!"

"Haya, bingwa wa mstari mmoja. Waite majina kwanza."

"Majina? Bibi, hapa si darasa la pili!"

"Nimefundisha miaka thelathini, na sijamfukuza mtoto nisiyemwita jina. Ita."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kufuta, rm, na mbele yake neno jaribio na nyota. Nyota maana yake ni "chochote kinachofuata". Ili nimwonyeshe anavyotupotezea muda, nikaondoa rm, nikaweka ls, ambayo haifuti kitu, inaorodhesha tu. Sehemu nyingine sikuigusa. Nikabonyeza.

Majina yakamiminika. Bi. Nakunde akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akasoma jina la mwisho kabisa kwa kidole.

"Wimbo, Mama Nakiete." Akanigeukia. "Mbonea, huyu ni mama yangu. Naye anafukuzwa?"

Nikautazama mstari wangu. Kati ya neno jaribio na nyota palikuwa na nafasi, pana kama punje ya mchele. Kidole gumba kiliigusa kwa haraka zangu. Kwa nafasi ile sikuwa nimesema "futa kila kinachoanza na jaribio". Nilikuwa nimesema "futa jaribio, kisha futa kila kitu". Na kilichofutwa kwa rm hakiendi kapuni kusubiri ujute.

Nikangoja anitukane. Yeye akanipigapiga begani.

"Ziba huo mwanya, mwanangu. Wageni wamesimama."

Nikauziba. Nikaita majina tena, safari hii bila kuambiwa, na nikayasoma yote mia tatu na zaidi kwa sauti, huku wapiga ngoma wakicheka mlangoni. Yalikuwa majaribio matupu. Ndipo nikafuta.

Kabla ngoma hazijaanza, Bibi akaomba jambo moja tu: nimfungulie Mama Nakiete. Kwenye spika bibi kizee yule akabembeleza mtoto kwa Kipare, sauti ikikwaruza, na binti yake mwenye mvi akafumba macho.

Jioni nikatunga beti nane za kuomba radhi, kwa vina na mizani, nami nikajiona malenga. Bi. Nakunde akazisoma zote kwa subira, akachukua kalamu nyekundu ya ualimu, akakata, akakata, akabakiza mstari mmoja.

"Si unapenda mstari mmoja?" akasema. "Huu hapa."

Ndio ule uliobandikwa juu ya kioo, Elineema, karatasi imeshakuwa ya manjano. Usome, kisha uendelee na kazi yako.

"Ita majina kabla hujafukuza."