Makopo Yaliyotazama Mlango

Mchungaji angetafuta mtu mwingine. Nimekuja kusali, nimekaa zangu nyuma, naambiwa, "Bibi, simama uwape akina mama mfano kuhusu kutumia tena vitu vya jikoni." Mimi wa darasa la pili niwafundishe kopo? Haya. Mkisinzia shauri yenu.

Kulikuwa na mama mmoja. Nitamwita Mama Lusajo msije mkachanganyikiwa, na msigeuke kutazamana, hayumo humu. Mjane, watoto wawili, analima viazi na mahindi kidogo, na siku mbili kwa wiki anafua nguo kwa watu wenye uwezo. Huko akaona vitu vinatupwa: kopo la maziwa ya unga, boksi la kahawa, chupa ya asali. Akaomba, akapewa, akabeba nyumbani.

Hapo kakosea? Hajakosea. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta naye alikuwa haachi kitu. Dumu la mafuta alilikata likawa kata ya kuchotea unga. Kopo alilitoboatoboa kwa msumari, akakwangulia tangawizi. Ndoo iliyopasuka akaioteshea vitunguu. Mfuko wa ngano akaushona aproni. Na lebo zote alizibandua kwa maji ya moto, maana alitaka kopo, hakutaka sifa zake.

Mama Lusajo hakubandua. Aliyapanga rafuni, picha zote zimetazama mlango, ili mtu akipiga hodi tu ayaone. Ndani ya kopo la maziwa kulikuwa na majivu ya kusugulia sufuria. Boksi la kahawa alilijaza magazeti lisibonyee. Na ile chupa ya asali, jamani, aliitia chai ya rangi iliyokolea. Kila baada ya siku chache anaimwaga na kutia nyingine, isije ikaota ukungu. Kazi yote hiyo, na hainyweki!

Siku moja asubuhi jirani akaja.

"Hodi, Mama Lusajo. Mwanangu kakohoa mpaka anatapika. Nigawie kijiko kimoja cha asali."

"Asali hii ya wageni, mwenzangu."

"Kijiko tu, mama."

"Leo kijiko, kesho kikombe. Dukani si ipo?"

Jirani akaondoka. Mtoto alikohoa wiki mbili, akapona mwenyewe, msianze kulia. Lakini mtaa mzima ukajua: yule mama ana vitu vya kitajiri ndani, na ni mchoyo.

Mwaka huo ikanyesha mvua ya mawe. Ikaponda viazi, ikalaza mahindi, watu wakabaki mikono mitupu. Kanisa likaleta unga, na mzee wa kanisa akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Kwa Mama Lusajo alisimama mlangoni, akatazama rafu.

"Eh! Asali, kahawa, maziwa ya kopo! Mama, Mungu kakukumbuka."

Ndani kulikuwa na unga wa siku tatu. Watoto wamekaa hapo hapo, wanamtazama mama yao mdomoni. Nawauliza ninyi mliojitanda vizuri: ungesema nini?

Yeye alisema, "Tunashukuru, baba."

"Basi tuwaandike wenye shida?"

"Waandikeni hao."

Siku tatu zikaisha. Siku ya nne watoto walikunywa maji ya moto yenye chumvi wakaambiwa ni supu. Siku ya tano unga ukawa unagawiwa uwanjani pa kanisa, naye akaja, akajipenyeza kwenye foleni. Mzee akatazama daftari.

"Mama, wewe si ulisema una kila kitu?"

"Nilisema tunashukuru, baba."

"Basi endelea kushukuru."

Wanawake wakacheka. Mkicheka na ninyi, mmeshajiweka kwenye foleni ile.

Akarudi nyumbani mbio. Akayatia makopo yote kwenye beseni, akajitwika, akapita nayo njia nzima mchana kweupe. Akayatua mbele ya watu akaanza kufungua. Kopo la maziwa: majivu, upepo ukawapiga nayo usoni. Boksi la kahawa: magazeti. Kicheko kikakatika. Jirani yake akaichukua chupa ya asali, akaifungua, akanusa.

"Hii ni chai."

"Ni chai."

"Na siku ile mwanangu anakohoa?"

"Siku ile pia ilikuwa chai."

"Ukaniacha nikakuita mchoyo mtaa mzima!"

"Afadhali uniite mchoyo kuliko uniite maskini."

Mmesikia hilo? Mimi nikilisikia natazama chini. Maana sisi ndivyo tulivyo. Tunakuja hapa tumetazamisha picha mlangoni. Ukiulizwa habari, "Bwana asifiwe, sijambo," kumbe ndani majivu matupu. Mtu anakuja na shida yake, unamfukuza, si kwa sababu unacho ukamnyima, unamfukuza asijue kwamba huna! Halafu njaa ikiingia tunasema kanisa halina upendo. Kanisa limesoma nini, kama si lebo uliyobandika mwenyewe? Rudini nyumbani mtumie makopo yenu, hata ya kuoteshea bamia. Lakini bandueni.

Mnataka kujua alilipa nini. Unga ulikuwa umekwisha. Mzee alikung'uta gunia la mwisho mbele yake, likatoa vumbi. Jirani alikuwa ameshapewa wake. Hakumkumbatia, wala hakulia naye. Alisema, "Nitakugawia nusu, lakini utaufuata kwangu, kidogo kidogo."

Kila wiki mpaka mavuno Mama Lusajo alikwenda kupiga hodi, watoto wake wamesimama nyuma yake. Na kila wiki jirani alimwuliza pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Nyumbani kwako kuna nini?" Wala hakuchota unga mpaka mwenzake ajibu, kwa sauti ile ile, "Hakuna kitu."