Bei ya Bibi Mlangoni kwa Bwana Sarahani

Bwana Sarahani, muuza vitu vya kale mtaani kwetu, alipata postikadi ya zamani yenye picha ya bibi yangu akiwa msichana. Akaitundika mlangoni pa duka kwa bei ya mbuzi mzima. Mimi Mkubwa Chongo, ambaye hata kuku sina, nikamwomba anipunguzie.

“Kadi ya miaka mia, haina hata doa!” akanifokea. “Toka!”

Ijumaa nikarudi, duka limejaa wateja. Nikamwekea kadi mezani, picha ikiwa chini.

“Bwana, hii ina thamani gani? Mimi na jicho langu moja, hata mke wangu namwamkia shikamoo.”

“Picha sina haja nayo, kadi naisoma mgongoni,” akajigamba, akiikwaruza kwa ukucha. “Pembe zimeliwa. Mhuri umefifia. Ya juzi tu hii! Kwa huruma, bei ya kikombe cha kahawa.”

“Ndiyo bei yake ya haki?”

“Haki kabisa! Wateja hawa mashahidi.”

Nikaweka hela ya kahawa mezani, nikaigeuza kadi. Bibi akatutazama.

“Basi nimenunua, Bwana. Nimeitungua sasa hivi mlangoni pako.”