Fundi Aliyepima Watoto wa Wenzake

Fundi mmoja, Kapinga jina lake, alikuwa na cherehani Dar es Salaam na familia Mbinga. Alishona sare za shule pale Mbagala, na alishona hasa. Suruali zake zilinyooshwa mpaka mbu akitua kwenye mkunjo anakatika miguu. Shati lake ukilivaa, hata kama jana uliiba kuku, leo mwenye kuku anakupisha kiti.

Kule Mbinga alimwacha mkewe Redempta na mabinti wawili, Gaudensia na Winfrida. Winfrida alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, tena kwa kuwekewa mito. Siku ya kuondoka Kapinga aliapa mbele ya wazee: nikipata kipato cha kutosha kulea watoto vizuri mjini, nawaleta wote, siku hiyo hiyo. Kiapo kizuri. Tatizo lilikuwa ndani yake kuna neno moja lisilo na mkia wala kichwa, hilo "kutosha".

Mwanzoni kutosha ilikuwa chumba na sebule, magodoro mawili, na kula mara tatu. Aliandika hivyo kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa mwisho. Lakini fundi husikia mengi, maana mtu akizungushiwa utepe kiunoni mdomo unafunguka wenyewe. Akaja mama mmoja, akasema mwanawe anafuatwa na basi la njano mpaka mlangoni. Alipoondoka, Kapinga akaandika: basi la njano. Akaja baba mwenye nyumba ya vigae. Akaandika vigae. Akaja mwingine, mtoto wake anafundishwa kuogelea. Ukoo wote wa Kapinga tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuloa zaidi ya magoti, lakini akaandika: kuogelea. Friji la milango miwili, akaandika. Keki ya ghorofa tatu kila mtoto akitimiza mwaka, akaandika.

Kipato chake kikipanda ngazi moja, daftari linapanda mlima. Mwaka wa nne orodha ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwenye migodi mitatu angeisoma mpaka katikati, akaomba nauli arudi kwao. Na msicheke sana, nyie mnaocheka pale nyuma, nawajua.

Jirani yake, Bi Mwanahawa muuza mananasi, alikuwa hamwachi.

"Fundi, familia huleti?"

"Bado haijatosha, bibi."

"Familia haijatosha, au wewe?"

Halafu anacheka, anaendelea kumenya.

Hata Krismasi Kapinga alikuwa haendi tena kwao, maana nauli nayo alitaka iingie kwenye kutosha. Badala yake kila Desemba aliwashonea mabinti magauni, akayatuma kwa basi. Sasa fundi anayepima watoto elfu, wa kwake akawa anawashonea kwa kukisia. La kwanza lilimbana Gaudensia mpaka akaimba kwaya sauti ya juu bila kupangiwa. Mwaka uliofuata fundi akaongeza, akaongeza tena, na gauni likawa kubwa hivi kwamba upepo ukivuma ilibidi mtoto ashikilie mti wa kahawa. Redempta aliyakunja yote akayaweka sandukuni. Mwaka wa tano hakungoja gauni. Aliuza gunia la mahindi, akawashika mabinti mkono huku na huku, akapanda basi.

Walifika Mbagala katikati ya Desemba, msimu wa sare. Foleni ya wazazi ilitoka kibarazani kwa Kapinga ikakata kona ikapotea. Redempta hakupiga kelele wala hakuomba apishwe. Alijipanga kama mteja. Zamu yake ilipofika akamsogeza mbele yule mdogo.

"Shikamoo, fundi," mtoto akasema.

"Marahaba. Inua mikono."

Fundi akiwa na kazi haangalii nyuso, anaangalia mabega. Kapinga akapima bega, akapima kifua, akapima urefu kutoka shingoni hadi chini ya goti. Akaandika kila namba mahali pake, hakukosea hata robo inchi. Kisha akauliza kama anavyowauliza wote, "Niandike mtoto wa nani?"

Winfrida akageuka kumtazama mama yake.

"Andika wa kwako, baba Gaudensia," Redempta akasema. "Vipimo havitumwi kwa basi, ndiyo maana nimekuletea."

Nawaambia, Mbagala nzima iligeuza shingo. Bodaboda zilizima zenyewe. Bi Mwanahawa alibaki na kisu hewani na nanasi nusu uchi. Kapinga akatazama namba alizoandika, akamtazama mtoto, akaweka kalamu chini.

Foleni aliiambia irudi kesho. Akafunga mlango, akamsomea mkewe ule ukurasa wa mwisho, ajitetee. Redempta alisikiliza huku anamvua Winfrida viatu.

"Basi la njano aliomba nani, Gaudensia?"

"Hapana. La mama mmoja mteja."

"Keki ya ghorofa?"

"Ya mteja."

"Kuogelea?"

Kapinga akafunga daftari.

"Kumbe miaka yote hii," Redempta akasema, "umetushonea maisha kwa vipimo vya watu."

Wakaandika upya, wote wanne, chini sakafuni. Kodi. Unga, mchele, maharage. Shule ya kwenda kwa miguu. Hela ya hospitali, hiyo isiguswe. Gaudensia akaomba dirisha lenye wavu. Winfrida akaomba nanasi. Na msije mkaenda kumwambia mwenye nyumba kwamba nimewahubiria hela haina kazi. Atawatupia magodoro nje na mimi nitamsaidia kubeba. Hela inatakiwa. Hata orodha ile mpya ilizidi kipato cha Kapinga. Lakini ilizidi kidogo, kwa kiasi ambacho mikono ya mume na mke inaweza kukifikia. Redempta akachukua kazi ya vifungo na pindo, ambayo Kapinga alikuwa akiwapa watu wa nje. Miezi mingi wakaifikia orodha. Mwezi ambao hawakuifikia, walikula dagaa siku tisa mfululizo, wakicheka mpaka jirani akadhani wamekula kuku.

Sasa wana chumba cha pili, na dirisha lenye wavu. Gaudensia anasoma hesabu za baba yake, anamkosoa. Ilimchukua Winfrida mpaka Pasaka kuacha kumwita "fundi". Siku aliyomwita "baba" mara ya kwanza alikuwa anamwomba tu amfungulie mlango wa choo, lakini Kapinga aliufungua kama anafungua kanisa kuu.

Daftari lile mnalijua. Kila mmoja wenu analo, wengine mnalo kwenye simu, mnaliongeza kila mkiona nyumba ya mtu. Basi nendeni mkalifungue, na kwenye kila mstari mjiulize swali moja: hiki ninachongoja kitoshe, ni nani wa nyumbani kwangu aliyekiomba?