Mama Aliyeungwa Vizuri

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili waliompenda, na upendo huo nusura umalize maisha yake kitandani. Jina lake Bi Naetwe. Aliishi milimani Upareni, katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, na hakuwa mtu wa kutunzwatunzwa. Kwa miaka yake sabini na tisa alikuwa bado anapalilia mahindi yake, anapika makande yake na kukosoa makande ya wenzake. Asubuhi moja, akichagua maharage, alirudi nyuma ili aketi kwenye kigoda, kumbe kigoda kimesogea. Alianguka kutoka kimo cha kigoda, basi. Mtoto anaweza kuanguka hivyo mara kumi kwa siku na akacheka. Lakini mifupa ya Bi Naetwe ilikuwa imelika kimya kimya kwa umri, kama mlango ulioliwa na mchwa ndani ukabaki na rangi yake nje. Nyonga ilivunjika mahali pawili, mbele na nyuma.

Siku mbili hakumwambia mtu, maana aliona aibu kusema ameangushwa na kigoda. Siku ya tatu alishindwa kuinuka. Mkunde, binti yake aliyeishi naye, akampeleka hospitali ya wilaya kwa daktari wa mifupa aliyeitwa Mruma, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Daktari alitazama picha akaeleza bila kuzunguka. Mfupa wa nyuma ukiachwa hivyo, maumivu yatamzuia mama kusimama. Na mtu wa umri ule asiposimama, misuli inakwisha, mapafu yanajaa, ngozi inachubuka. Angeweza kupitisha skrubu mbili kwenye matundu madogo na kuushikilia mfupa. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi, kwa mkono wake na picha za eksirei zinazopigwa hatua kwa hatua. Alitaka kuifanya Alhamisi.

Mkunde akampigia simu kaka yake. Togolani ndiye mkubwa, na anaishi mjini. Alikuwa amesikia kwamba hospitali moja kubwa huko ina roboti, mkono wa chuma unaoongozwa na kompyuta, unaomwonyesha daktari njia ya skrubu asikosee hata kwa unene wa ukucha. Akasema mama yake hatatobolewa mifupa kwa kukisia. Mkunde akasema Daktari Mruma hakisii, na nusu ya watu wanaotembea wilayani wanatembea kwa mikono yake. Togolani akasema hiyo ndiyo sababu nusu nyingine hawatembei. Mkunde akauliza kama huo mkono wa chuma utamjua mama ni nani. Togolani akajibu kwamba skrubu haihitaji kumjua mtu, inahitaji kunyooka.

Alhamisi ikapita. Kwao haiamuliwi habari ya mwili wa mzazi mpaka ukoo ukae, na ukoo siku hizi unakaa kwenye simu. Kikao kilichukua jioni nne. Baba mdogo mmoja aliuliza kama hiyo mashine huwa inakatikiwa umeme. Shangazi akauliza kama daktari huwa anakatikiwa usingizi. Walichekana, wakanuniana, wakatumiana video za roboti akiunganisha magari kiwandani, jambo ambalo halikumhusu mtu yeyote mwenye nyonga. Yeyote aliyesikiliza angedhani wanazungumzia mfupa. Ukweli ni kwamba Togolani, aliyekuwa hajakanyaga nyumbani Krismasi mbili, alitaka kumpa mama kitu kikubwa, kikubwa kiasi cha kufunika Krismasi mbili. Na Mkunde, aliyempa mama vitu vidogo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, uji, maji ya moto, kukatwa kucha, alitaka mara hii moja tu neno lake ndilo lifuatwe. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mrefu.

Bi Naetwe, aliyerudishwa nyumbani kusubiri uamuzi, alikuwa amelala chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, akisikia yote. Walipomwuliza alisema, fanyeni mnavyoona. Alikuwa amewajua wanawe tangu hawajawa na meno, naye aliona wazi kwamba akichagua mkono wa chuma atamuumiza mmoja, na akichagua mkono wa nyama atamuumiza mwingine. Akachagua kuumia yeye.

Siku ya tisa baada ya Alhamisi ile mkubwa alishinda kwa sababu ni mkubwa. Mama alipelekwa mjini. Na hapa nisimsingizie roboti: alifanya kazi yake. Daktari wa huko alikuwa mwangalifu, mashine ilimwongoza vyema, na skrubu zilikaa zimenyooka kama uzi uliovutwa na fundi mwashi. Siku ya pili wauguzi walimsimamisha Bi Naetwe, akiwa ameshikilia kile kifaa cha kutembelea cha miguu minne. Alilia kwa maumivu, na akasimama. Bahati mbaya Togolani aliingia wakati huohuo. Akaona mama yake analia, wanawake wawili wenye sare wanamwambia, hatua moja zaidi, bibi. Aliwaambia mama yake hakuja pale kujiunga na jeshi. Tangu siku hiyo alikaa kando ya kitanda, na kila walipokuja wale wauguzi aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba amesinzia. Walipomruhusu kurudi nyumbani, walimpa mwanawe bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya nyonga na karatasi ya maelekezo. Picha ilizunguka ukoo mzima. Karatasi ilibaki ndani ya bahasha.

Nyumbani mama alitandikiwa sebuleni, godoro jipya, shuka mpya, ili wanaokuja kumpa pole wasihangaike kumtafuta. Watu wakaja. Kila aliyeingia alikuta Bi Naetwe anajaribu kujiinua amsalimie vizuri, na kila aliyeingia alimrudisha kwa kiganja begani: lala, mama, usijisumbue, umeshahangaika vya kutosha. Kwao hiyo ndiyo heshima. Mzee akiumwa, unamwonyesha thamani yake kwa kutomwacha afanye kitu. Kisha mgeni anaonyeshwa ile picha dhidi ya mwanga wa dirisha, anatikisa kichwa kwa mshangao, anasema dunia imefika mbali. Wengine waliondoka bila kukumbuka kumwangalia mama mwenyewe usoni.

Mkunde alimwogesha, alimlisha, alimgeuza. Ila midomo yake ilikuwa imefungwa. Jirani alipomwambia labda mama aanze kunyanyuliwa kidogo, alijibu kwamba ile nyonga ni ya Togolani, na yeye hataki kuja kuambiwa ameziharibu skrubu za mtu. Hivyo mmoja aliogopa kumwinua mama kwa sababu alimhurumia, na mwingine kwa sababu alikuwa amekasirika, na kitandani ukiwa umelala hutambui tofauti ya hivyo viwili.

Wiki zikapita saba. Bi Naetwe akaanza kukataa chai. Mwanamke aliyekunywa vikombe vitatu kila asubuhi ya maisha yake akawa anagusa kimoja kwa ulimi na kukirudisha. Maji aliyakataa. Walisema hamu imekwisha, walisema ni dawa, walisema ni uzee. Mapaja yake yalikuwa yamekonda yakawa kama mikono. Mkunde alipoona kidonda chekundu kinaanza mgongoni, hasira yake ikapata pa kwenda. Alichukua ile bahasha akashuka nayo hospitali ya wilaya. Tuseme kweli, hakwenda kuomba msaada. Alikwenda kuambiwa kwamba mashine ilikosea.

Daktari Mruma aliiweka picha kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu. Kisha alisema skrubu zile zimekaa vizuri kuliko ambavyo yeye angeziweka. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesifia ugali wa jirani. Daktari akauliza mama anatembeaje. Mkunde akasema, anapumzika. Daktari akauliza tangu lini. Alipoambiwa, aliinamisha bahasha, ikaanguka ile karatasi ambayo hakuna aliyeisoma, ikiwa bado na mikunjo ya siku ile ilipotolewa: asimamishwe kila siku, hatua ziongezwe kidogo kidogo, kitanda ni adui. Hakumkemea. Alimrudishia karatasi, akamwambia atapanda Jumamosi mchana.

Jumamosi Togolani naye alikuwa amefika kutoka mjini, na alipomwona daktari mlangoni alijiandaa kutetea roboti wake. Hakukuwa na vita. Daktari alivuta kiti karibu na godoro, akamsalimia mama shikamoo, akamwuliza kitu ambacho kwenye jioni nne za kikao, na wiki saba za pole, hakuna aliyekuwa amekiuliza. Alimwuliza anataka kwenda wapi.

Togolani alijibu haraka kwamba mama hana mpango wa kwenda popote, daktari, ametulia tu. Daktari hakugeuka. Aliendelea kumtazama Bi Naetwe, na Bi Naetwe alitazama dari, kisha ukuta, kisha mikono yake juu ya shuka. Walidhani hatasema. Ndipo akasema, taratibu, kama anayekiri kosa:

"Chooni. Nataka niende chooni kwa miguu yangu, nifunge mlango, wanangu wasinione."

Mkunde alielewa ile chai. Alielewa kila kikombe kilichorudi kimejaa, na kila asubuhi mama alipofumba macho wakati beseni linaletwa, akajifanya amelala ili asione anayemshikia. Mama alikuwa anajikausha mwenyewe ili asiwasumbue. Mkunde alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Togolani, aliyekuwa amejiandaa kwa hoja za mashine na mikono, alibaki amesimama na hoja zake kama mtu aliyeleta jembe msibani.

Siku hiyo mama alipiga hatua nne. Togolani alikuwa upande wa kushoto, Mkunde kulia, na daktari mbele akirudi kinyumenyume. Mama alilia, na safari hii mwanawe hakumrudisha kitandani, ingawa alilia naye. Kesho yake alipiga sita. Togolani aliomba likizo. Asubuhi walimsimamisha, mchana wakamsimamisha, na kati ya kusimama na kusimama walikuwa wanabishana, maana ni ndugu, lakini sasa walibishana kama leo zilikuwa hatua tisa au kumi. Siku moja Togolani alimwomba daktari amwambie bila kuficha, ingekuwaje kama wangemwachia yeye tangu mwanzo. Daktari alisema skrubu zingekaa zimepinda kidogo kuliko hizi. Akasema pia kwamba zingekaa siku tisa mapema. Kama hilo lingetosha hajui, maana mama akilazwa chali wiki saba, hata skrubu iliyowekwa na malaika haitamsaidia. Kisha akaomba chai.

Choo chao kiko nyuma ya nyumba, ukipita jikoni, ukishuka vidato viwili. Ilichukua siku thelathini na mbili. Asubuhi aliyofika, aliachia bega la mwanawe, akaachia mkono wa bintiye, akaingia na kile kifaa chake cha miguu minne, akafunga mlango. Wale wawili walibaki nje wamesimama bega kwa bega, masikio yamesimama kama ya mbuzi. Kimya kilipozidi, Mkunde aliita, mama, uko salama? Sauti ya ndani ikajibu kwamba iko salama tangu mwaka wa arobaini na kitu, na kama wana kazi nyingine waende wakaifanye. Walicheka mpaka Togolani akakaa chini kwenye kidato.

Shambani Bi Naetwe hakurudi tena. Zile wiki ziliondoka na nguvu ambayo haikurejea, na hakuna mkono, wa chuma wala wa nyama, ulioweza kuirudisha. Lakini aliishi miaka mingine sita, na katika miaka hiyo kila siku alikwenda chooni kwa miguu yake, akafunga mlango, wanawe wasimwone.

Sasa wewe, ambaye tangu mwaka jana hamsemezani na ndugu yako kwa kubishania njia iliyo bora ya kumsaidia mnayempenda wote wawili, nikuulize: kuna hata mmoja wenu aliyemwuliza anataka kwenda wapi?