Rangi ya Jana Kichwani mwa Sikudhani

Mficha rangi ya jana huharibu hina ya leo. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia binamu yenu maneno hayo asubuhi, mkacheka, kisha ndiyo mnakuja kuniuliza yametoka wapi. Mngeuliza kwanza, mkacheka baadaye. Haya, kaeni, na mwenye simu aiweke kifudifudi. Asili ya methali hii ni hapa hapa Tanga, Ngamiani, na mama yangu mzazi alikuwamo ndani ya nyumba siku hiyo, kwa hiyo msinikatize kuniuliza kama ni kweli.

Palikuwa na mpakaji hina mmoja, Bi Chausiku. Mjane, hana mtoto, hana shamba. Alichokuwa nacho ni mikono yake na mhina mmoja uani. Majani aliyachuma mwenyewe, akayaanika kivulini, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa mara tatu, kisha akaroweka kwa ndimu na chai ya rangi. Miaka thelathini alipaka maharusi wa mji huu, na hakuna hata mmoja ambaye hina yake haikukoza. Watu walimwita kwa sababu hiyo tu. Kwa sura alikuwa mkali, hata salamu yake ilikuwa kama anakudai.

Bibi harusi aliitwa Sikudhani. Binti wa miaka ishirini na miwili, mpole, lakini alirithi jambo moja kwa upande wa mama yake: mvi. Zilimtoka utosini akiwa na miaka kumi na minane. Akanunua dawa ya chupa kwa mchuuzi, ile ya kupaka kidogo kidogo mpaka nywele nyeupe zinageuka nyeusi. Akapaka miaka minne bila mtu kujua, hata mama yake hakujua. Alipochumbiwa na Mbaruku, fundi redio, watu wa kuumeni wakaanza kunong'ona kuwa bibi harusi ni mtu mzima kuliko bwana. Uongo mtupu, Mbaruku alimzidi miaka mitatu. Lakini maneno yalimfikia Sikudhani, na kila yalipomfikia alirudi kwenye chupa yake.

Sasa, zamani siku ya hina watu wa kuumeni walileta mtu wao akae, atazame kila kitu kwa macho yake. Mbaruku akamleta shangazi yake, Bi Nuru. Bi Nuru alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Akakalia mkeka, akajifunga mtandio wake vizuri, akamkodolea macho bibi harusi.

Bi Chausiku akafungua nywele za Sikudhani. Kabla hajachota hina akauliza, kama alivyouliza kila kichwa, "Mwanangu, kichwa hiki kimewahi kutiwa rangi?"

Sikudhani akamtazama Bi Nuru. "Hakijawahi."

"Hata ya dukani? Hata mara moja?"

"Nimesema hakijawahi, bibi."

Wewe unayetikisa kichwa hapo, ungesema nini? Mbele ya shangazi wa mumeo, siku mbili kabla ya harusi? Usimhukumu mwenzio. Mimi ningedanganya, na wewe ungedanganya.

Basi akapakwa, akafungwa kitambaa, akakaa saa tatu. Alipofunguliwa na kusuuzwa, nyuma nywele zilikuwa nyekundu, nzuri kabisa. Utosini na pande zote za mbele zilikuwa kijani, rangi ya ule utando wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Mama yake Sikudhani akaketi chini palepale kwenye maji. Bi Chausiku akasuuza tena, na tena. Kijani kikabaki.

"Chausiku," Bi Nuru akasema, "umemfanya nini mtoto wa watu?"

Bi Chausiku akachukua bakuli, akanusa hina iliyobaki, akaionja kwa ncha ya ulimi. Akatazama kitambaa chake cha kuchekechea. Akageuza maganda ya ndimu moja moja.

"Mji mzima utajua," Bi Nuru akaendelea. "Wallahi nitapita nyumba kwa nyumba. Hakuna bibi harusi mwingine atakayekaa mbele yako."

"Usijichoshe kupita," Bi Chausiku akasema, na mama yangu alisema sauti ile hakuwahi kuisikia kwake. "Majani nimetwanga mwenyewe. Ndimu nimekamua mwenyewe. Nilichokosea sikijui, na fundi asiyeliona kosa lake hafai tena. Mkono umezeeka. Sitapaka mtu mwingine."

Akamwaga hina. Akafuta bakuli, akatandika kanga, akaanza kufunga vitu vyake kimoja kimoja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Sasa mtazameni Sikudhani. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kumnyookea. Anachotakiwa ni kunyamaza. Bi Nuru yu upande wake, mama yake anamlilia, watu watamhurumia, harusi itapita. Siri inabaki kwenye chupa. Atakayelipa ni kikongwe mmoja asiye na mtu.

"Bibi, usifunge hiyo kanga," akasema.

Bi Chausiku akaendelea kufunga.

"Bibi, nina mvi. Ninazo tangu miaka kumi na minane. Napaka dawa ya chupa, hata juzi nimepaka. Umeniuliza mara mbili, nimekudanganya mara mbili. Hina yako haina kosa, imegombana na dawa yangu." Kisha akamgeukia Bi Nuru. "Shangazi, kama mnaniacha, niacheni. Ila usipite nyumba kwa nyumba kwa jina la huyu bibi. Pita kwa jina langu."

Bi Chausiku akaketi. Alishika kichwa kile cha kijani kwa mikono miwili, akakitazama kwa karibu, na ule ukali wake wote haukuwapo. "Na mimi nina kosa," akasema. "Nilikuuliza mbele ya wakwe. Swali kama hili ni la mlango uliofungwa." Toka siku ile, kila bibi harusi alimwingiza chumbani peke yake kwanza, akamuuliza kwa sauti ya chini, na hata akiambiwa hapana, alijaribu hina kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio.

Bi Nuru je? Alifungua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa hina, na mashinani, kiasi cha vidole viwili vizima, zilikuwa nyeupe kama pamba. "Nilianza nikiwa mdogo kuliko wewe," akamwambia Sikudhani. "Marehemu mume wangu kafa hajui. Miaka ishirini na sita nimeamka kabla yake kila siku nijifunge mtandio. Nisikufiche, mwanangu, inachosha." Akajifunga tena, na ya nyumba kwa nyumba hakuyataja tena. Mbaruku alipoambiwa, aliuliza kama harusi bado ni Ijumaa.

Nywele zikakatwa. Bi Chausiku ndiye aliyezikata, pole pole, mpaka kijani chote kikaisha. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama cha mtoto aliyetoka kunyolewa, mvi zote nje.

Ijumaa bibi harusi akatolewa mbele ya wanawake. Mnatujua wanawake wa Tanga. Haikupita dakika, minong'ono ikazunguka ukumbi: kichwa kile kimeharibiwa na nani? Si Chausiku huyo? Bi Chausiku alikuwa amekaa pembeni, kainamisha kichwa. Bibi harusi desturi yake ni kuinamisha macho na kunyamaza, lakini Sikudhani aliyainua. Kila aliyekuja kumpa mkono na kumwangalia utosini, alimjibu kabla hajauliza. Akaja wa kwanza, akamwambia. Akaja wa kumi, akamwambia yale yale. Wale wa mwisho walikuwa wamekwisha kuyashika, wanayasema naye pamoja, na Bi Chausiku kule pembeni ameinua uso:

"Ni mimi, si yeye. Mficha rangi ya jana huharibu hina ya leo."