Fisi Aliyetungiwa Nasaba ya Simba

Katika misitu ya Gondwana, katikati ya Bara Hindi, zama zile ambapo kila mwenye ngome alijiita raja, yaani mfalme, mvua iligoma miaka miwili. Likabaki bwawa moja tu, mali ya koo zote za msituni. Fisi, mkuu wa koo, kazi yake ilikuwa kupanga zamu za kunywa, nayo kazi hiyo ilimchosha kwa sababu hata yeye alikuwa na zamu.

Akamwita Sungura, mtunga nasaba wa majumba ya kifalme.

"Nitafutie babu," alisema. "Awe simba. Raja hapangi foleni na nungunungu."

"Ukipata babu simba, mzee, utapata na miiko yake."

"Lete yote."

Siku ya kutawazwa alialikwa Simba mwenyewe, raja wa ngome ya bondeni, awe shahidi. Sungura akasoma: mwezi ulizaa simba, simba akazaa simba, vizazi kumi na tisa, mpaka Fisi. Koo zilikuwa na kiu mno, hakuna aliyecheka.

"Basi bwawa ni langu," Fisi alisema. "Ondokeni."

"Wanangu watakufa, mzee," alisema Nungunungu.

"Niite Mtukufu."

Sungura akageuza ukurasa. "Mwiko ni huu. Mzawa wa mwezi hali mzoga. Akila, si wa ukoo huo, na alichokipata kwa ukoo huo kinarudi kwa wenyewe."

Fisi, aliyekuwa akirekebisha kilemba, akaitikia bila kusikiliza. Simba akaapa kulilinda neno hilo, maana lilimpendeza sana.

Jioni ile nyati mmoja mkongwe alikuja kuomba maji. Fisi akamnyima, na nyati akaanguka akafa pale pale ukingoni. Siku ya kwanza Fisi alitazama pembeni. Siku ya pili alisema anakagua mipaka ya milki yake, akaukagua upande wa nyati mara saba. Siku ya tatu koo zilimkuta kichwa kimezama mbavuni mwa mzoga, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Namwosha maiti," alisema, mdomo umejaa.

Nungunungu hakubishana naye. Aliwapeleka wanawe majini, na koo zote zikamfuata. Fisi akapewa zamu ya mwisho, baada ya vyura, na ukuu akavuliwa.

Simba, aliyeitwa tena kushuhudia, alicheka mpaka akakaa chini. "Fisi mzawa wa mwezi! Sungura, uongo huu ulijifunza wapi?"

"Kwa marehemu babu yangu, Mtukufu. Ndiye aliyeitunga nasaba ya nyumba yenu."

Simba akainuka. Akamsogelea Nungunungu, ambaye sasa ndiye aliyepanga zamu, akamwuliza kwa sauti ya chini zamu yake yeye Simba ya kunywa ni ya ngapi.