Wageni wa Bwana Mihayo

Wasichana wa chuo cha ualimu pale Tabora walikuwa na umoja wao, na umoja ulikuwa na nyumba, na nyumba, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya Bwana Mihayo. Tajiri huyo akatangaza kwamba Jumamosi angeleta wageni wake wapite chumba kwa chumba, waone wasomi wanavyoishi. Asiyetaka afunge virago.

Nyamizi, kiongozi wao, akamfuata dukani kwake.

"Baba, na nguo zetu za ndani tulizoanika humo?"

"Nyumba ni yangu! Nani wa kunizuia?"

"Hakuna, baba. Mlango utakuwa wazi. Lakini ukishindwa mwenyewe kuingia?"

Mihayo akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Nikishindwa, hataingia mgeni humo tena!"

"Wateja wako wamesikia, baba."

Jumamosi akafika na wageni, suti imenyooka. Mlango ulikuwa wazi kweli. Akainua mguu aingie, mara akaona mkekani viatu vyekundu vya kifungo cha shaba, alivyomnunulia mama mkwe wake. Hata sokoni Mihayo alikuwa akimkwepa mkwe huyo kwa heshima, akichepukia uchochoroni. Mguu ukabaki hewani.

"Mkwe yumo ndani?" akanong'ona.

"Karibu tu, baba," Nyamizi akamjibu kwa adabu. "Uwasalimie wote."

Mihayo akageuka, akawapita wageni wake mbio.

Jioni Nyamizi, viatu vyekundu mkononi, akabisha hodi kwa mama mkwe wa Mihayo, akamkuta amekaa peku.

"Samahani kwa kuchelewa, bibi. Fundi uliyenituma kwake alivishona jana, ila leo vilikuwa na kazi."